Fundi wa Spika wa Ghorofa ya Sita

Wiki iliyopita nilipeleka simu yangu kwa kijana anayetengeneza simu karibu na ofisini kwetu. Aliifungua, akawasha chuma chake cha kulehemu, akakigusisha kwenye ule ulimbo wa manjano ambao mafundi huutumia ili risasi ishike vizuri. Moshi mwembamba ukapanda. Nilikuwa nimeegemea kaunta nikitazama kava za simu harufu yake iliponifikia. Nilitoka nje nikaketi ukingoni mwa barabara, mwanamke mzima mwenye mkoba na viatu vya ofisini, nikatapika. Kijana alinifuata na chupa ya maji.

"Dada, pole. Ni mimba?"

Nikacheka, maana lilikuwa swali la haki kabisa. Nilimwambia ni jua tu. Ningemweleza nini? Kwamba nilikuwa na miaka minane, na kwamba nyumba yetu yote ilikuwa na harufu ile?

Ninyi wa rika langu mliokulia nyumbani mnaikumbuka sistimu ya muziki ya sebuleni, ile iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, ambayo mtoto akiigusa alikiona cha moto. Sisi tulikuwa nazo nyingi, zimepangwa ukutani hadi darini, nyingine hazina mgongo, nyingine zimetolewa koni zikabaki na matundu ya duara. Tuliishi Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya sita katika jengo lisilo na lifti. Baba, mtu wa Nairobi, alikuwa mnunuzi wa viatu. Kila asubuhi alikwenda soko la viatu la Zhanxi kubishana bei na wenye maduka, na viatu alivyonunua vilifungwa marobota, vikapelekwa bandarini Nansha, vikapakiwa kwenye kontena za kwenda Mombasa. Nyakati zile kila mtu alikuwa akinunua na kila mtu alikuwa akijenga. Dirishani kwetu nilihesabu winchi za ujenzi mpaka nikachoka.

Mama alikuwa mtu wa Mombasa. Babu, baba yake, alikuwa akikodisha vyombo vya sauti kwenye harusi, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, alimfundisha yeye. Alipofika China kama mke wa mfanyabiashara hakuwa na la kufanya, hadi siku alipoingia soko moja la vitu chakavu akaona spika za zamani, kubwa, za mbao halisi, zimetupwa chini kama kuni. Aliniambia baadaye kwamba alisimama pale na machozi yakamtoka. Akanunua mbili. Tukazipandisha ngazi, yeye nyuma na mimi mbele, tukipumzika kila ghorofa.

Nimewahi kuona mafundi wengi, lakini sijaona mikono kama ile. Spika ya zamani huharibika kwanza ukingoni, pale ambapo koni ya karatasi imeshikwa na sponji. Sponji huoza, ukiigusa inakuwa unga mweusi unaonata. Mama aliikwangua kidogo kidogo kwa ukucha wa kidole gumba na spiriti, bila kuitoboa karatasi ambayo ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kisha alichukua vipande vya mkanda wa filamu ya picha, akavichomeka kuzunguka koili, ule msokoto wa waya nyuma ya koni, ili ikae katikati barabara, ndipo akabandika sponji mpya. Wakati wa kugandisha alifunga mlango wa chumba, kwa sababu chembe moja ya vumbi ikiingia kwenye koili, kazi yote imeharibika. Mimi nilikatazwa hata kupiga chafya. Gundi ikikauka, alichukua betri ndogo ya tochi, akagusisha waya, na koni ikaruka mbele: *pu!* Hapo ndipo niliporuhusiwa kushangilia.

Wachina walianza kumjua. Kulikuwa na wazee katika mji ule waliopenda sauti ya zamani kama wengine wanavyopenda njiwa. Walipanda ngazi zetu za ghorofa sita wakihema, wamekumbatia amplifaya, na kumkuta mwanamke mweusi mwenye mtandio akiwa ameshika chuma cha kulehemu. Wengine waligeuka palepale. Waliobaki walirudi.

Sasa niseme habari ya hedifoni.

Zilikuwa kubwa, nyeusi, za ngozi, zilinifunika kutoka utosini hadi nusu ya mashavu. Zilikuwa na waya mrefu ambao Mama alikuwa ameuunga mwenyewe, uliopita chini ya mlango hadi roshani. Siku nyingine, jioni kabla ya magharibi, Baba alipokuwa amerudi na kuketi kimya kwa namna fulani, Mama alinishika bega akanipeleka roshani, akaniketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanivisha.

"Sikiliza kaseti hii mpaka mwisho," alisema. "Nataka uniambie upande gani una mkwaruzo. Usizivue mpaka nije kukuvua mwenyewe. Umesikia, fundi wangu?"

Nilijivuna sana. Nilikaa wima, macho nimefumba, nikiwinda mkwaruzo. Na nyayoni mwangu, kwenye vigae vya sakafu, nilihisi mshindo. *Du. Du.* Kimya. *Du.* Nilijua ni besi. Nilijua kwamba ndani Baba na Mama walikuwa wanajaribu spika kubwa, na kwamba sote watatu tulikuwa kazini, kila mtu na sehemu yake. Wakati mwingine mshindo ulikuwa mzito kiasi cha kutikisa ndoo, nami niliwaza: leo spika imepona kweli.

Mwishowe Mama alikuja, uso umeoshwa.

"Haya fundi. Upande gani?"

"Wa kushoto, Mama."

"Hodari."

Mdomo wake ulikuwa umevimba, au alikuwa ameshika ubavu. Kabati la spika limemwangukia, alisema, na kwa kuwa nilizijua zile spika na uzito wake, niliamini. Nilimkanya awe mwangalifu. Mtoto anaweza kuishi miaka miwili katika nyumba kama hiyo na bado akaamini kwamba adui yake ni mama mmoja wa Kichina wa ghorofa ya tano.

Huyo tulimwita Ayi, yaani shangazi, kama watoto wote wa jengo walivyomwita. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye sauti ya kukata bati. Kila siku ya hedifoni alianza kugonga bomba la maji lililopita roshani yetu, akiligonga kwa chuma, *kang kang kang*, hata bomba likatetemeka karibu na bega langu. Nilidhani anatuchukia kwa sababu ya rangi yetu, au kwa sababu ya besi. Nikikutana naye ngazini nilijibanza ukutani. Alinitazama muda mrefu, akasema maneno nisiyoyaelewa, nami nikakimbia.

Mteja mkubwa wa Mama alikuwa mzee aliyeitwa Fei. Alikuwa dereva wa basi mstaafu, lakini sisi tulimwita Laoban Fei, bosi Fei, kwa sababu Zhanxi kila mtu ni laoban. Alileta spika mbili ambazo mkewe marehemu alikuwa akisikilizia nyimbo za michezo ya jukwaani. Zilikuwa zimeliwa na panya. Mama alizishughulikia kwa wiki nyingi. Siku spika zilipokamilika, mzee alitoa kaseti mfukoni, ikawekwa, na sauti ya mwanamke ikatoka, nyembamba, ya puani, ikapanda juu sana. Laoban Fei alisimama katikati ya chumba akilia bila kujificha. Kisha akauchukua mkono wa kulia wa Mama kwa mikono yake miwili, akainama hadi paji la uso likakaribia vidole vyake.

"Shifu," alisema. "Shifu."

Mama aliona haya. Aliuacha mkono pale kidogo, kisha akauvuta taratibu, akarekebisha mtandio. Mzee alipoondoka niliuliza shifu ni nini.

"Fundi mkuu," alisema Mama. "Mwenye kufundisha mafundi." Siku ile alipika pilau ingawa hapakuwa na mgeni.

Nilitaka Baba ajue. Nieleweni vizuri hapa, maana nimeyapindua maneno haya kichwani kwa miaka mingi: nilitaka ajivunie. Jumamosi iliyofuata Mama alikwenda soko la vitu chakavu, na Baba alikuwa nyumbani akinimenyea muwa. Alikuwa mchangamfu siku hiyo. Alikuwa mtu mzuri wa kukaa naye alipokuwa mchangamfu, mkono wake mpana, kicheko chake cha kifuani. Nikamwambia.

"Baba, unajua Laoban Fei alimwinamia Mama?"

"Ehe?"

"Alimshika mkono. Hivi, kwa mikono miwili. Akalia."

Kisu kilisimama kwenye muwa, kisha kikaendelea.

"Alimshika mkono gani?"

"Huu." Nikamwonyesha.

"Na Mama akafanya nini?"

"Akamwachia. Kisha akapika pilau."

Baba alitabasamu, akanipa kipande kikubwa cha muwa, cha katikati, kitamu zaidi. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama tunacheza mchezo: na huyo mzee huja mara ngapi? Mara nyingi, nikasema. Na wakiwa chumbani, mlango huwa wazi?

"Hapana," nilisema, nikifurahi kwamba hatimaye ananiuliza mambo ya ufundi ninayoyajua. "Lazima ufungwe. Hata mimi siruhusiwi kuingia."

Kwa nini sikusema habari ya vumbi? Nilikuwa na muwa mdomoni. Ni hilo tu. Nilikuwa natafuna.

Mama aliporudi alasiri, akiwa na mfuko wa vipuri, Baba alikuwa ameketi kimya kwa ile namna yake. Mama alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaweka mfuko chini. Chuma cha kulehemu alikiwasha kabla hata ya kuvua viatu, kama alivyofanya kila mara, ili kiwe kimepata moto atakapokaa. Kisha akanishika bega. Roshani. Ndoo. Hedifoni. Vidole vyake vilikuwa baridi masikioni mwangu.

Nikaanza kusikiliza mkwaruzo. Mshindo ukaja mapema, na mzito kuliko siku zote. Bomba likaanza kulia pembeni yangu. Halafu sauti ya kaseti ikakatika katika masikio yote mawili, kama mtu aliyezibwa mdomo. Nilingoja. Nilijua sheria. Lakini fundi akisikia spika imekufa lazima aende kuangalia, na hivyo nikazivua.

Sikuwa nimewahi kuisikia sauti ya Mama akipigwa. Nilifikiri kwanza ni mnyama.

Nilifungua mlango. Amplifaya ilikuwa chini, imepasuka, waya wa hedifoni zangu umeng'oka nayo. Spika za ukutani zilikuwa zimeangushwa, na koni zilikuwa zimekanyagwa, alama ya kiatu katikati ya ile karatasi aliyoihangaikia kwa wiki. Baba alikuwa amemkandamiza Mama juu ya meza ya kazi, goti mgongoni, na amemnyoosha mkono wa kulia mbele kama kitu kinachotaka kupimwa. Katika mkono wake mwenyewe Baba alishika spika moja iliyotolewa kwenye sanduku lake, ya chuma, yenye sumaku nene nyuma kama jiwe la kusagia.

"Ni huu, sivyo?" alikuwa akisema. Hakuwa anapiga kelele. "Mkono huu ndio aliokushika? Ukamwachia? Kisha ukapika pilau?"

Akaishusha sumaku juu ya vidole.

Sitaeleza sauti ile. Mama alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. "Na mlango mnafunga," alisema Baba, akainyanyua tena. Akaishusha tena. Nami pale mlangoni nikayatambua maneno. Yalikuwa yangu. Kila moja nilikuwa nimempa kwa mkono wangu, nikitafuna muwa.

Nilimrukia nikamng'ata pajani. Niling'ata hadi nikaonja damu kupitia suruali. Alinishika kwa nywele akanirusha, nikagonga pembe ya sanduku la spika kwa kidevu, na kinywa kikajaa meno na chumvi. Nina alama hapo mpaka leo, huwa nawaambia watu nilianguka na baiskeli.

Ni hapo Mama alipokiona chuma. Aliyavumilia yake yote, lakini aliponiona mimi chini, mkono wa kushoto ukapapasa mezani, ukakishika kile chuma cha kulehemu, na akakisukuma nyuma ya bega lake bila kuangalia. Kilimpata Baba shavuni, chini ya jicho. Mama alikikandamiza. Hakukiondoa haraka. Nyama na ulimbo viliungua pamoja, na moshi ule ule mwembamba ukapanda.

Baba alianguka chini akipiga mayowe. Akainuka, akatafuta kitu cha kushika, akapata bomba la chuma la kusimamishia spika. Nafikiri angetuua. Sisemi hivyo kwa kukuza mambo. Niliyaona macho yake, na hayakuwa yakituona.

Mlango wa nje ulikuwa wa mbao nyepesi. Ulivunjika kwa pigo la pili. Aliyeingia alikuwa Ayi, amevaa nguo za kulalia zenye maua ingawa ilikuwa mchana, ameshika kile kisu kipana cha kukatia mifupa ya nguruwe, na nyuma yake mwanawe mkubwa ana nyundo. Alikuwa akipiga kelele ambazo nilizijua kwa miaka miwili kupitia sakafu. Alimwendea Baba moja kwa moja, mwanamke anayemfikia kifuani, akakiinua kisu. Baba alirudi nyuma hadi ukutani. Bomba likamponyoka.

Ayi hakumgusa. Alipiga goti, akaniokota kwa mkono mmoja kama mfuko wa mchele, akanibana kiunoni mwake. Alinuka tangawizi. Miaka yote ile alikuwa akigonga bomba ili kumwambia Baba kwamba kuna mtu anayesikia.

Mwanawe alitoa simu. Alisema neno moja kwa Kiingereza, la polisi, akimtazama Mama kama anayeomba ruhusa.

Baba alicheka, kitambaa amekibana shavuni. "Waambie waje," alisema kwa Kiswahili. "Viza yenu imekwisha, na pasipoti ninazo mimi. Waje watufunge sote. Mtoto wako akalale seli. Mwambie apige."

Mama alikuwa ameketi sakafuni, ameushikilia mkono wa kulia kifuani kwa ule wa kushoto. Vidole vilikuwa vimegeuka upande usio wao. Nilijua anachofikiri, maana habari za viza nilizisikia kila siku nyumbani: ukikamatwa huna karatasi, basi China imekwisha, meza imekwisha, wazee wanaopanda ngazi wamekwisha. Mahali pekee duniani alipoitwa shifu. Alizungusha macho chumba chote, spika moja baada ya nyingine.

"Da," alimwambia kijana kwa Kichina chake cha sokoni. Piga.

Walituchukua sote. Baba upande mmoja, sisi upande mwingine, na Mama kwanza hospitalini, ambako daktari alifanya alichoweza. Vidole viwili havikukunja tena. Ayi alikuja kila siku na supu katika kopo, akamlisha Mama kwa kijiko. Siku chache baadaye tulipelekwa uwanja wa ndege wa Baiyun na askari wa kike aliyetukabidhi pasipoti zetu mlangoni mwa ndege.

Baba alirudi Kenya baada ya miezi kadhaa. Wazee wa pande zote mbili walikuja kwa bibi mzaa Mama, Mombasa, tulikokuwa tukiishi, kuomba suluhu. Mama aliwaandalia chai, akauweka mkono wake mezani katikati ya vikombe, akauacha hapo. Walikunywa chai wakaondoka, na talaka ikaandikwa.

Mimi sikuzungumza habari ile na mtu yeyote. Nilikuwa mtoto mtulivu, walimu walinisifu. Nilijifunza kutosema chochote ambacho sikuulizwa, na hata nilichoulizwa nilikipunguza. Nilipofika miaka kumi na mitano nilikuwa sili vizuri, na siku moja nilimkuta Mama ameketi kwenye mbuzi akikuna nazi kwa mkono wa kushoto, na maneno yakatoka yenyewe.

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia Baba. Habari ya Laoban Fei. Ni mimi."

Hakuacha kukuna.

"Najua," alisema. "Nilijua siku ile ile. Alikuwa akizungumza kwa maneno yako."

Nilitaka aseme kwamba si kosa langu, kwamba nilikuwa mdogo, yale ambayo watu husema. Nikamuuliza nililoliogopa kwa miaka saba.

"Ulinichukia?"

Mama aliweka kifuu chini. Akafikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa njia.

"Ndiyo," alisema. "Toka hospitali hadi kwenye ndege. Siku sita. Nilikuwa siwezi kukutazama. Nilimwachia yule mama wa Kichina akuoshe, akusuke, kwa sababu mimi nilikuwa sitaki kukugusa. Kisha ndege ikaruka, ukalala, ukaniangukia upande wa mkono mbovu. Ukaniumiza, wee! Nikainua mkono mwingine nikusukume." Alinitazama. "Ulikuwa umefumba macho. Lakini ulikuwa umeziba masikio kwa viganja vyako viwili, usingizini. Nikashindwa kukusukuma. Nikauacha mkono uniume mpaka Nairobi."